MacConkey: Mtu aliyewatenga wadudu wa homa ya matumbo

Nilipokuwa mwanafunzi ukimbizini mkoani Kigoma niliugua homa ya matumbo. Mtaalamu wa maabara alinionyesha sahani ndogo ya kuoteshea bakteria, akaniambia hiyo ni MacConkey. Nilidhani ni jina la dawa. Leo nafundisha biolojia nyumbani Burundi, na wanafunzi wangu nao hushangaa kusikia kwamba ni jina la mtu.

Alfred Theodore MacConkey alizaliwa Liverpool, Uingereza, mwaka 1861, akasomea udaktari. Enzi hizo miji ya kwao ilimwaga maji machafu mitoni, na homa ya matumbo iliua watu wengi. Mwaka 1898 serikali iliunda tume ya kuchunguza maji hayo, na MacConkey akaifanyia kazi kama mtaalamu wa bakteria.

Kazi ilikuwa ngumu. Tone moja la maji machafu lina bakteria wa kila aina. Ukiwaotesha wote pamoja, unayemtafuta hufunikwa na wengine, kama mtoto aliyepotea sokoni siku ya gulio.

MacConkey alijua kuwa bakteria wa matumboni wamezoea nyongo. Basi mwaka 1900 alitangaza chakula cha bakteria chenye chumvi za nyongo na laktosi, yaani sukari ya maziwa. Bakteria wengi wasioizoea nyongo walishindwa kuota. Kufikia mwaka 1905 alikuwa ametia pia rangi iitwayo neutral red, iliyopendekezwa na wataalamu wenzake. Bakteria aina ya E. koli hula laktosi na kutoa asidi, hivyo vidoa vyao huwa vyekundu. Wale wa homa ya matumbo hawaigusi sukari hiyo, na vidoa vyao hubaki bila rangi.

Baadaye aliongoza idara ya seramu ya Taasisi ya Lister huko Elstree, iliyotengeneza kinga ya pepopunda kwa ajili ya majeruhi wa Vita Kuu ya 1914-1918. Alifariki mwaka 1931.

Kwenye sahani yangu palikuwa na vidoa visivyo na rangi. Mtaalamu akavipima zaidi, ugonjwa ukajulikana, nikapewa dawa iliyofaa. Ndiyo maana nawaambia wanafunzi: chemsheni maji, naweni mikono, na anayeumwa apimwe kwanza kabla ya kununua vidonge kwa kubahatisha.