Arthur Pollen

Arthur Joseph Hungerford Pollen (13 Septemba 1866 – 28 Januari 1937) alikuwa mfanyabiashara na mwandishi wa Uingereza. Anakumbukwa hasa kwa Saa ya Argo, mojawapo ya mashine za kwanza za kukokotoa shabaha ya mizinga ya manowari.

Maisha ya awali

Pollen alisoma historia katika Chuo Kikuu cha Oxford, kisha sheria. Mwaka 1898 alimwoa Maud Lawrence, binti wa mwenyekiti wa kampuni ya Linotype iliyotengeneza mashine za kupangia herufi za magazeti, na baadaye akawa mkurugenzi wake mtendaji. Hakuwahi kuwa mwanamaji wala mhandisi.

Tatizo la shabaha

Mwaka 1900, karibu na Malta, alialikwa kutazama mazoezi ya mizinga ya manowari. Meli zilipiga shabaha ya umbali usiofika kilomita 2. Wakati huohuo, katika Vita vya Makaburu, mizinga ya aina hiyohiyo ikiwa nchi kavu huko Ladysmith ilipiga mbali zaidi sana. Pollen alijiuliza kwa nini.

Jibu lilikuwa mwendo. Meli mbili zinazokabiliana, kila moja ikienda kilomita 37 kwa saa, husogeleana takriban mita 20 kila sekunde. Kombora likikaa angani sekunde 15, umbali umepungua mita 300. Tena meli zikipishana kwa pembe, kasi hiyo ya kubadilika kwa umbali nayo hubadilika. Hapa ndipo wengi walipokwama.

Saa ya Argo

Kwa ushauri wa mwanafizikia Lord Kelvin na kazi ya mhandisi Harold Isherwood, Pollen aliunda mfumo mzima: kipima umbali kilichotulizwa kwa jairoskopu, meza ya kuchora njia za meli, na ile Saa. Jina linaweza kupotosha, kwani haikuonyesha wakati. Ndani yake sahani ilizunguka kwa kasi isiyobadilika, na gololi iliyoigusa ilizunguka polepole karibu na katikati na haraka karibu na ukingo. Kwa kuisogeza gololi, mashine ilifuata mabadiliko ya umbali mfululizo, hata meli yenyewe ilipokata kona.

Mgogoro na Jeshi la Majini

Majaribio yalifanyika katika meli za Jupiter, Ariadne na Natal. Katika lile la Ariadne, Admirali Arthur Wilson, akisaidiwa na Frederic Dreyer, alipendelea njia yake mwenyewe iliyokuwa rahisi zaidi. Dreyer, afisa wa jeshi hilo, baadaye alibuni meza yake, ambayo ilikuwa na bei nafuu lakini ilihitaji kurekebishwa kwa mkono kila mara. Meza hiyo ndiyo iliyokubaliwa, na meli chache tu zikapata Saa ya Argo. Urusi nayo ilinunua kadhaa.

Wanahistoria hawajakubaliana kama uamuzi huo uliwagharimu Waingereza katika Mapigano ya Jutland (1916). Jon Sumida anamtetea Pollen, John Brooks anampinga. Bila shaka Pollen, mgeni mwenye maneno makali na bei ya juu, hakujirahisishia mambo.

Wakati wa vita aliandika magazetini kuhusu mapigano ya baharini. Mwaka 1925 tume ya kifalme ya tuzo kwa wavumbuzi ilimpa pauni 30,000, baada ya kukubali dai lake kwamba Meza ya Dreyer ilitumia mawazo ya Saa ya Argo.