Nikolai Vavilov: Mhifadhi wa Mbegu Aliyekufa kwa Njaa

Miongoni mwa wataalamu waliojitolea kuikabili njaa, ni wachache mno waliouawa na njaa yenyewe. Nikolai Ivanovich Vavilov ni mmoja wao. Mtu huyu aliyekusanya mbegu kutoka mabara matano alifia gerezani mjini Saratov, Urusi, tarehe 26 Januari 1943, mwili wake ukiwa umedhoofika kwa kukosa chakula.

Alizaliwa mjini Moscow tarehe 25 Novemba 1887. Babake alikuwa mfanyabiashara wa nguo aliyejiinua kutoka ufukara wa kijijini. Nikolai alisomea kilimo mjini humo, na mwaka 1913 akaenda Uingereza kufanya utafiti chini ya William Bateson, ambaye ndiye aliyeipa taaluma ya jenetiki jina lake. Hapo alijifunza kuwa ukinzani wa mmea dhidi ya ugonjwa ni jambo la kurithiwa, kama vile rangi ya ua.

Hata hivyo, somo lililomfaa zaidi alilipata kwa wakulima wa milimani. Mwaka 1916 aliitwa Uajemi, ambako askari wa Urusi walikuwa wakilewalewa baada ya kula mkate. Aligundua kwamba unga ulichanganyika na gugu lenye sumu. Kutoka huko aliendelea hadi milima ya Pamir, na njiani akayachunguza magugu mengine. Katika mashamba ya bondeni, nafaka iitwayo rai iliota katikati ya ngano, na wakulima waliichukia. Kadiri alivyopanda mlima ndivyo baridi ilivyoidhoofisha ngano na rai ikazidi kutamalaki, hata huko juu kabisa wakulima wakawa wanavuna rai peke yake. Wao hawakuichagua, mlima ndio uliowachagulia. Kwa maneno mengine, nafaka iliyowalisha Warusi kwa karne nyingi ilianza kama gugu la kung'olewa.

Tangu hapo Vavilov hakulitazama gugu kwa dharau. Mmea wa shambani hubembelezwa na mkulima kwa maelfu ya miaka ili uzae sana, na katika kubembelezwa huko hupoteza sehemu kubwa ya silaha zake za asili. Jamaa zake waliobaki porini hawakubembelezwa na yeyote. Wameishi na ukame, wadudu na maradhi, na waliosalia ni wale wenye kinga. Wenzake Vavilov waliotumwa Mexico na Amerika ya Kusini kuanzia mwaka 1925 walirejea na viazi mwitu, vingine vikiwa na uwezo wa kuustahimili ukungu uleule ulioleta njaa kuu ya Ireland katika miaka ya 1840. Hoja hii si ngeni Afrika Mashariki. Aina mpya ya kutu ya shina ilipoonekana katika ngano nchini Uganda mwaka 1998, kisha ikaingia Kenya, sehemu kubwa ya ngano ya dunia ilibainika kuwa haina kinga. Miongoni mwa kinga zilizotafutwa baadaye zimo zilizotoka kwa nyasi za porini zenye unasaba na ngano.

Mwaka 1926 Vavilov alichapisha nadharia yake kuhusu vitovu vya asili ya mimea inayolimwa, kwamba mmea una chimbuko lake pale ambapo aina zake ni nyingi zaidi. Mapema mwaka uliofuata alikuwa Ethiopia, akapokewa na Ras Tafari, ambaye baadaye alitawazwa kuwa Haile Selassie. Huko alikuta mtama, wimbi, tefu, buni, na ngano za aina nyingi ajabu. Lakini ngano mwitu hakuiona, jambo ambalo waliomfuata walilitumia kuikosoa nadharia hiyo: wingi wa aina peke yake hauthibitishi chimbuko. Ukosoaji huo una haki yake. Hata hivyo, ramani aliyoichora bado inawaongoza watafutaji wa mbegu. Kufikia mwaka 1940 taasisi yake mjini Leningrad ilihifadhi takriban sampuli 250,000.

Kilichomponza ni muda. Kuzalisha aina mpya ya ngano kulihitaji miaka kumi au zaidi, ilhali utawala wa Stalin, uliokabiliwa na uhaba wa chakula uliochangiwa na sera zake wenyewe, ulidai matokeo ya haraka. Trofim Lysenko, mwana wa mkulima kutoka Ukraine, aliahidi matokeo hayo, akaikana jenetiki kuwa uzushi wa mabepari. Linalosikitisha ni kwamba Vavilov mwenyewe alimsifu kijana huyu hapo mwanzoni. Alipozinduka na kumpinga waziwazi, Lysenko tayari alikuwa na masikio ya wakubwa, na mwaka 1938 alikuwa rais wa akademia ya sayansi za kilimo ambayo Vavilov alikuwa wa kwanza kuiongoza.

Tarehe 6 Agosti 1940 Vavilov alikuwa magharibi mwa Ukraine akikusanya mimea. Jioni hiyo watu waliofika kwa gari walimchukua. Wenzake walipofungua mfuko wake, wasimulia, walikuta ngano ya kale aliyoichuma siku hiyo. Alihojiwa kwa miezi kadhaa, akashtakiwa kwa ujasusi na uhujumu, na mnamo Julai 1941 akahukumiwa kifo. Hukumu hiyo ilibadilishwa mwaka 1942 kuwa kifungo cha miaka 20. Gerezani aliandika kitabu kuhusu historia ya kilimo duniani. Mswada wake haukuonekana tena. Mkewe, Elena Barulina, mtaalamu wa dengu, alihamishwa na mtoto wao kutoka Leningrad hadi Saratov. Alituma vifurushi vya chakula Moscow, akidhani mumewe yuko huko, kumbe waliishi katika mji mmoja.

Wakati huohuo Leningrad ilikuwa imezingirwa na majeshi ya Ujerumani, tangu Septemba 1941 hadi Januari 1944. Wafanyakazi wa taasisi waliilinda hazina ya mbegu dhidi ya panya, baridi na watu wenye njaa, wao wenyewe wakiwamo. Dmitri Ivanov, mtunzaji wa mpunga, alikufa kwa njaa akiwa amezungukwa na maelfu ya pakiti za mpunga. Alexander Shchukin, wa njugu karanga, alifia mezani pake. Wengine kadhaa waliwafuata. Hawakujua mkuu wao yuko wapi, wala kama yu hai.

Mahakama ilimtakasa Vavilov mwaka 1955, ingawa Lysenko aliendelea kuwa na nguvu kwa takriban miaka kumi zaidi. Mahali hasa alipozikwa hapajulikani. Elena alitumia miaka yake ya mwisho kuyapanga maandishi ya mumewe yaliyonusurika.