Daktari aliyewafungulia wagonjwa mlango wa thieta

Ukienda Lodwar ukataja madaktari wa ndege, hata wazee watakuelewa. Kwa miaka mingi madaktari wa upasuaji wa AMREF wamekuwa wakiruka kutoka uwanja wa Wilson, Nairobi, hadi Turkana, kuwatibu watu walio mbali na hospitali kubwa. Jina la shirika hilo tunalijua. Lakini Archibald McIndoe, mmoja wa watatu waliolianzisha, hatumtaji sana. Leo namtaja kwa sababu maisha yake yana funzo kwa mzazi yeyote anayempeleka mwanawe kupasuliwa, awe Lodwar, Kakuma au huku kwetu Pwani.

McIndoe alizaliwa mwaka 1900 mjini Dunedin, New Zealand. Alisomea udaktari huko huko, akaenda kujiendeleza Marekani katika kliniki ya Mayo, na mwaka 1930 akahamia London. Aliyemshika mkono ni jamaa yake Harold Gillies, bingwa aliyekuwa ametengeneza upya nyuso za askari walioumia katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Kwake McIndoe alijifunza kazi ya kuhamisha ngozi na nyama kutoka sehemu moja ya mwili ili kuziba palipoharibika.

Vita vya Pili vilipoanza mwaka 1939, alipelekwa hospitali ya Queen Victoria katika mji mdogo wa East Grinstead, kusini mwa Uingereza. Huko aliletewa marubani vijana waliounguzwa na moto wa ndege zao, wengine hawana kope, wengine vidole vimeshikana. Aliona kwamba walioangukia baharini vidonda vyao vilikuwa na hali nzuri zaidi, akaanza kuwaogesha wagonjwa katika maji ya chumvi. Sisi watu wa bahari jambo hilo halitushangazi.

Kijana mmoja aliweza kupasuliwa mara kumi, ishirini au zaidi. Hebu fikiria kulazwa juu ya meza ile mara ishirini. McIndoe alitambua kwamba hofu nayo ni ugonjwa, na ina dawa yake. Aliruhusu wagonjwa waingie thieta kutazama wenzao wakipasuliwa, ili siku yao ikifika wajue wanachokwenda kufanyiwa. Daktari wake wa nusukaputi, John Hunter, alikuwa mcheshi, mtu wa kuwatania wagonjwa mpaka wacheke kabla ya kulala. Mavazi rasmi ya wagonjwa yaliondolewa, na watu wa mji wakaombwa wawakaribishe vijana hao majumbani bila kuwakodolea macho. Mwaka 1941 wagonjwa wenyewe waliunda chama, wakakiita Guinea Pig Club, yaani chama cha wale wanyama wadogo wa kufanyiwa majaribio. Mpaka vita vinakwisha kilikuwa na wanachama 649.

Mwaka 1947 McIndoe alitunukiwa cheo cha Sir. Baada ya vita alipata shamba Tanganyika, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, akawa anakuja Afrika Mashariki mara kwa mara. Michael Wood, daktari wa upasuaji aliyepitia mikononi mwake, alikuwa akifanya kazi Kenya. Mwaka 1957, wao wawili pamoja na Mmarekani Tom Rees walianzisha huduma ya madaktari wa ndege iliyokuja kuwa AMREF. McIndoe hakuishi kuona ilipofika. Alifariki Aprili 1960, akiwa na umri wa miaka 59.

Huko Turkana AMREF ilikuta maradhi ya mayai ya minyoo ya mbwa, yanayoota vifuko vya maji kwenye ini na mapafu. Mbwa wa Kiturkana anaishi na watu nyumbani, na mtoto huambukizwa mapema. Mwaka 1983 ulianza mpango maalumu wa kupambana nayo, na watu wengi walipasuliwa Lodwar na Kakuma.

Sasa nije kwa mtoto. Rubani alikuwa mtu mzima, alielewa akielezwa. Mtoto wa miaka mitano anaona watu waliofunika nyuso, anatolewa mikononi mwa mamake, anawekewa kitu puani. Kakuma kuna kambi ya wakimbizi tangu 1992, na humo wamo Wasomali, Wasudan Kusini, Wakongo na wengineo. Huenda mtoto hajui hata neno moja analoambiwa na nesi. Madaktari wanajua kwamba mtoto aliyeingia thieta na hofu kubwa ni mgumu kumlaza, huamka akipiga mayowe, huona maumivu zaidi, na siku za baadaye hushtuka usingizini au kurudia kukojoa kitandani.

Huku kwetu dawa yetu ya hofu ni uongo. Mtoto anayetahiriwa huambiwa atazame ndege juu, na anapoinua kichwa kisu kimeshapita. Anayepelekwa hospitali huambiwa anakwenda kununuliwa peremende. Naelewa huruma iliyo nyuma ya maneno hayo, lakini siyakubali. Mtume (s.a.w.) alimsikia mama akimwita mwanawe kwa ahadi ya kumpa kitu. Akamuuliza alikusudia kumpa nini. Mama akajibu ni tende, naye akamweleza kwamba lau asingempa chochote angeandikiwa uongo. Ikiwa tende ina hesabu, je, kisu? Na mtoto aliyedanganywa mara moja hatamwamini daktari mara ya pili, wala sisi.

Simaanishi mtoto aingizwe thieta kutazama damu. Namaanisha aambiwe kweli kwa kipimo cha umri wake, mapema kidogo, na kwa lugha ya nyumbani: kwamba atalala usingizi wa dawa, hatasikia akikatwa, akiamka patauma kidogo na atapewa dawa, na mama atakuwepo. Muombe nesi amuonyeshe ile barakoa ya kupumulia, aishike, amvalishe hata mwanasesere. Uliza kama unaweza kukaa naye mpaka asinzie. Ukikubaliwa, nenda ukiwa mtulivu, kwani mtoto husoma uso wako. Kama lugha hazikutani, tafuta mkalimani kabla ya siku yenyewe.

Jambo la mwisho ni chakula. Mtoto akilia njaa, usimfichie kipande cha mkate. Ukiambiwa asile kwa muda wa saa 6, fuata, na umweleze daktari kweli ikiwa amekula. Tumbo likiwa na chakula, mtoto aliyelazwa kwa nusukaputi anaweza kutapika na matapishi yakaingia mapafuni. Uongo wa hapo unaweza kuua.

Wabillahi tawfiq.