Elijah Masinde: Mwendawazimu wa 1945, Mfungwa wa 1948

Msomaji ukitoka Kitale kwa njia ya Kiminini hadi Kamukuywa, kisha ukashika ya kuelekea Kimilili, Mlima Elgon huwa mkono wako wa kulia karibu mwendo mzima. Wabukusu wauita Masaba. Chini ya mlima huo, katika sehemu za Kimilili wilayani Bungoma, ndiko alikozaliwa Elijah Masinde kiasi cha mwaka 1910 au mmoja miwili baadaye. Wengi wamjua kuwa ni mtu wa Dini ya Msambwa aliyewatia serikali tumbo joto. Wachache wakumbuka kwamba serikali hiyo ilipoanza kumchoka haikumpeleka gerezani. Ilimpeleka hospitali ya wagonjwa wa akili. Habari hiyo ndiyo niipendayo leo kuisimulia, kwa kuwa ndani yake mna kisa kikubwa kuliko cha mtu mmoja, nacho ni kisa cha madaktari na ubongo wa Mwafrika.

Kwanza Masinde alikuwa mchezaji kandanda. Alikuwa nahodha wa timu ya Kimilili, na mwaka 1930 akaichezea Kenya dhidi ya Uganda katika Kombe la Gossage. Alisoma kidogo katika shule za misheni ya Marafiki, yaani Wakweka, akaingia kanisani mwao, na baadaye akapata kazi ya kupeleka samansi za mahakama ya wenyeji. Kazi hiyo si ya kupendwa popote. Mtu akuonapo waja na karatasi hujificha nyuma ya ghala. Walakini yamfunza mtu namna serikali ifanyavyo mambo yake. Alipooa mke wa pili, kanisa likamtenga. Naye akageukia msambwa, mizimu ya wazee, akawaambia watu kwamba Mungu wa Wabukusu alikuwako kabla ya merikebu ya mzungu yeyote, na kwamba wageni sharti warudi kwao.

Ilikuwa wakati wa vita vikuu vya pili. Serikali ilitaka vijana wa kazi, na mabwana shamba walitaka watu waingie mashambani kung'oa magugu kwa amri. Mwaka 1944 Masinde alikataa, akawahimiza na wenziwe wakatae. Kwa mzungu wa bomani, mtu aliyekwenda misheni, akaichezea nchi mpira, akala mshahara wa mahakama, kisha akasimama kusema hang'oi gugu la mtu, huyo hakuwa mkaidi tu. Lazima ana kasoro kichwani. Mwaka 1945 akapelekwa Mathari, Nairobi, akakaa huko hadi 1947.

Hapa yafaa tusimame kidogo tuitazame nyumba yenyewe aliyoingizwa.

Mathari ilifunguliwa mwaka 1910, mahali palipokuwa hapo nyuma pa kutengea wagonjwa wa ndui. Katika miaka ya 1930 aliyekuwa daktari wake ni H. L. Gordon, mtu aliyeshughulishwa mno na kupima vichwa vya Waafrika, akishikilia kwamba akili yao ni pungufu kwa maumbile. Mwenziwe, F. W. Vint, mtaalamu wa maiti katika maabara ya serikali Nairobi, alipima ubongo wa wafu wenyeji na mwaka 1934 akachapisha maelezo yake kwamba gamba la ubongo huo ni jembamba kuliko la Mzungu. Wafu wenyewe walitoka katika hospitali za wenyeji za zama hizo. Walikula nini utotoni, waliugua homa ngapi, walikufa kwa maradhi gani, hayo hayakupewa uzito. Uchukue ubongo wa aliyekufa kwa njaa na maradhi, uulinganishe na wa aliyekula akashiba, kisha useme tofauti ni ya rangi! Mizani hiyo hata muuza dagaa wa Kongowea asingethubutu kuitumia.

Baada ya Gordon, kuanzia 1938 hadi 1950, Mathari ilikuwa chini ya J. C. Carothers. Huyu alifika Kenya mwaka 1929 akiwa tabibu wa kawaida, na alipokabidhiwa hospitali hakuwa amesomea maradhi ya akili. Hakuwa mkali kama Gordon, na wagonjwa wake aliwaandikia habari kwa uangalifu. Lakini mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake juu ya akili ya Mwafrika, na humo alidai kwamba Mwafrika haitumii ipasavyo sehemu ya mbele ya ubongo wake, hata akamfananisha na Mzungu aliyepasuliwa kichwa na kukatwa mishipa ya sehemu hiyo. Upasuaji huo ulikuwa ndio mtindo wa siku zile. Mreno aliyeuanzisha, Egas Moniz, alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1949. Mwaka wa pili wake, 1954, serikali ya Kenya ikachapisha maandishi mengine ya Carothers, mara hii juu ya saikolojia ya Mau Mau. Mtu ananyang'anywa shamba, anakasirika, na daktari anaitwa aje ayaeleze maradhi ya hasira yake.

Na laiti wangetaka kweli kujua ni nini kidhurucho ubongo katika nchi ya Masinde, mambo yalikuwa mlangoni. Malaria ya Bungoma hupanda kichwani kwa watoto wadogo. Anayepona huenda akabaki na kifafa, au ulemavu wa viungo, au akawa mzito wa kujifunza. Kuna na mnyoo wa tegu wa nguruwe. Hapa msomaji asidhani nasema kwa kuwa mimi siili nyama hiyo, maana adhurikaye kichwani huenda hajaionja. Mayai ya mnyoo hutoka na choo cha binadamu, yakaingia katika maji au mboga, mtu akayameza, na wana wake wakenda kujenga vijifuko ndani ya ubongo. Hicho ni chanzo kimojawapo kikubwa cha kifafa ukubwani katika nchi zenye nguruwe wazururao na nyumba zisizo na vyoo, na magharibi ya Kenya imo. Dawa yake ni choo, zizi, maji safi na ukaguzi wa nyama. Ni mambo ya bajeti ya serikali. Hayamo katika umbo la fuvu la mtu.

Turudi kwa Masinde. Alipoachiliwa mwaka 1947 alirudi kwao, na mwezi Septemba akawakusanya maelfu ya watu Chetambe, karibu na Webuye, pale Wabukusu walipouawa kwa bunduki za Waingereza mwaka 1895. Hakuwakusanya pale kwa bahati. Mtu aliyedaiwa kuwa hana akili alijua barabara ni kaburi lipi la kulilia. Februari 1948 wafuasi walikabiliana na polisi Malakisi, risasi zikapigwa, watu 11 wakafa. Mwezi huo huo Masinde akakamatwa, dini yake ikapigwa marufuku, naye akahamishwa hadi Lamu.

Mimi nilikaa chuoni utotoni, na katika masomo ya mwanzo tuliyofunzwa na mwalimu ni kwamba mwendawazimu hana hesabu, kalamu haimwandikii mpaka arudiwe na akili. Ndipo nashangaa. Mwaka 1945 Masinde alikuwa mwendawazimu, asiyepasa kusikilizwa. Mwaka 1948 ni timamu kabisa, apasaye kuadhibiwa. Mtu ni yule yule na maneno yake ni yale yale. Kilichozidi ni idadi ya waliomfuata.

Nao walikuwa wengi hasa upande wa Kitale. Trans Nzoia ilikuwa nchi ya masetla, na Wabukusu waliokuwa maskwota katika mashamba ya mahindi waliona mifugo yao ikipunguzwa kwa amri mwaka baada ya mwaka. Kwa watu hao habari kwamba mzungu ataondoka haikuhitaji mhubiri mwenye ufasaha. Mashamba na nyumba zikachomwa moto. Imani ikavuka hata kwa Wapokot, na mwaka 1950 Lukas Pkiech na wafuasi wake wakapambana na askari huko Kolloa, damu nyingi ikamwagika pande zote mbili.

Masinde alipata uhuru wake mwaka 1961. Mwaka 1964 dini yake ikaruhusiwa, mwaka 1968 ikapigwa tena marufuku, safari hii na serikali ya Waafrika, kwa maana mzee hakuacha kusema. Alirudi gerezani zaidi ya mara moja. Mwaka 1978, Rais Moi aliposhika hatamu, akatolewa. Waliompenda walimwita nabii. Waliomchoka waliendelea kugusa kipaji cha uso kwa kidole alipopita, ishara ile tuijuayo sote, kana kwamba cheti cha Mathari hakikufutwa kamwe.

Alifariki mwaka 1987. Sheria ya wagonjwa wa akili iliyorithiwa kutoka kwa serikali ya kikoloni ilikuwa bado inatumika. Bunge liliibadilisha mwaka 1989.