Culbertson: Mcheza Kamari Aliyeuza Hesabu

Jina la Ely Culbertson halisikiki katika madarasa yetu, na sioni ajabu. Karata zina sifa mbaya miongoni mwa wazazi na walimu, nami sikusudii kuzisafisha leo. Hata hivyo, upo mzozo wa kale baina ya mwenye kuthubutu na mwenye kupima, nao hunijia akilini kila nisahihishapo kazi za wanafunzi. Katika mzozo huo sijapata kusoma maisha yenye mafunzo kuliko ya bwana huyu.

Alizaliwa Romania mwaka wa 1891. Babake alikuwa Mmarekani, mhandisi wa migodi. Mamake alikuwa Mrusi. Mapinduzi ya Urusi ya 1917 yaliifilisi jamaa hiyo, na kijana aliyelelewa katika neema akajikuta akitafuta riziki kwa karata katika miji ya Ulaya, Paris ikiwamo. Mwaka wa 1921 alivuka bahari hadi Marekani. Huko New York alikutana na Josephine Dillon, mwalimu wa mchezo wa briji ambaye wakati huo aliheshimika mezani kuliko yeye, wakaoana mwaka wa 1923.

Msomaji asiyeijua briji na anivumilie kidogo. Watu wanne huketi, wawili dhidi ya wawili, kila mmoja na karata 13 mkononi. Kabla ya kucheza hufanyika mnada: kila upande huahidi idadi ya mizunguko utakayoshinda na kutaja aina ya karata itakayokuwa turufu. Ni haramu kumwonyesha mwenzako ulicho nacho. Atakachokijua ni kile tu ulichokitamka mnadani. Zamani mtu aliweza kuahidi kidogo, akashinda mizunguko mingi, na bado akajipatia tuzo nono iitwayo gemu. Mwaka wa 1925 tajiri Harold Vanderbilt, akiwa safarini melini, alirekebisha kanuni hizo: asiyeiahidi gemu haipati. Ukitaka gemu kwa turufu ya kopa au ya shupaza, sharti uahidi mizunguko 10. Ukishinda 9, unatozwa faini.

Badiliko hilo dogo ndilo lililomtajirisha Culbertson. Ghafla kila nyumba iliyocheza briji ilikabiliwa na swali gumu: je, turuke moja kwa moja hadi gemu na liwalo na liwe, au tupande ngazi kwa ngazi tukiulizana na kujibizana? Culbertson alijitokeza na jibu, akaliita sayansi. Alizipa karata kubwa thamani: ree peke yake ilihesabiwa moja, ree na mfalme wa aina moja zikawa mbili. Alifundisha kuanzia chini, na akaweka matamko maalumu yaliyomlazimisha mwenza asinyamaze kabla gemu haijafikiwa. Mwaka wa 1929 alianzisha jarida, mwaka wa 1930 akatoa kitabu, kisha akaandaa walimu wa kuueneza mfumo wake. Alikuwa mchuuzi wa elimu kama wengi tuwajuao, ila yeye alikuwa hodari zaidi.

Mwaka huo wa 1930 alikwenda London kupambana na timu ya Luteni Kanali Walter Buller, Mwingereza aliyezidharau kanuni zote za kupeana habari na kuamini kwamba mtu mwenye akili timamu huahidi anachoona anakiweza, basi. Baada ya migao 200, timu ya Culbertson ilishinda kwa karibu alama 5,000. Alipokabiliana na Sidney Lenz mjini New York, kati ya Desemba 1931 na Januari 1932, aliweka dau la dola 5,000 dhidi ya 1,000. Walicheza raundi kuu 150, magazeti yakaripoti kila usiku kana kwamba ni vita, na akashinda kwa alama 8,980.

Basi sayansi ilishinda ujasiri? Ndivyo alivyowauzia watu, nami siafiki. Mezani Culbertson mwenyewe aliukiuka mfumo wake mara kwa mara, akinadi kwa hisia na kwa kuwasoma wapinzani usoni. Josephine ndiye aliyeufuata kwa utulivu. Tena, hesabu yenyewe iko upande wa wajasiri kuliko wengi wanavyodhani. Katika mashindano ya timu ya siku hizi, upande ambao tuzo na faini zake zimeongezwa huvuna pointi 10 ukifanikiwa katika gemu ambayo meza ya pili haikuinadi. Ikishindikana, hupoteza pointi 6. Mwanafunzi wa sekondari ataona mara moja kwamba gemu hiyo inafaa kunadiwa hata ikiwa uwezekano wa kufaulu ni 3 kwa 8, chini ya asilimia 38. Anayengoja hadi awe na uhakika wa nusu anapoteza pointi, hata akijiona mwenye busara. Kisha kuna hasara ya maswali mengi: kila mnachoambiana, wapinzani wanakisikia pia, wakajua karata ya kuanza nayo ili wawaangushe. Nawafikiria watahiniwa wetu waliokariri kanuni zote wakashindwa kuamua ni ipi ya kutumia, ilhali saa inakwenda.

Mwaka wa 1937 mjini Budapest zamu yake ya kuangushwa ilifika. Timu ya Austria, iliyoongozwa na Daktari Paul Stern, ilikuwa na mfumo wenye matamko ya kubuniwa kuliko wake, ikamshinda. Mwaka uliofuata Wanazi waliitwaa Austria, na Stern akakimbilia London. Mwaka huohuo wa 1938 Culbertson na Josephine walitalikiana.

Baada ya hapo aliipa briji kisogo. Aliandika mipango ya shirikisho la dunia ambalo lingezuia vita, akiamini kwamba mataifa nayo yangeweza kuwekewa mfumo wa ahadi na wa kulazimishana kuzitimiza. Wanasiasa walimsikiliza kwa adabu, wakaendelea na yao. Mezani nafasi yake ilichukuliwa na Charles Goren, aliyewafundisha watu njia nyepesi zaidi: ree 4, mfalme 3, malkia 2, ghulamu 1, na wenza wakifikisha 26 wanadi gemu. Culbertson alifariki Vermont mnamo Desemba 1955, akiwa na umri wa miaka 64. Josephine alimfuata Machi 1956.