Louis Leakey: Mtoi wa Kabete Aliyeonyesha Dunia Kwamba Ocha Yake Ni Huku

Kama umekulia Eastlands, hii swali lazima umeshaulizwa: ocha ni wapi? Umezaliwa Jericho, mathe alizaliwa Makongeni, lakini bado mtu anataka umtajie kijiji. Sasa kuna jamaa alimaliza maisha yake akitafuta jibu la hiyo swali, si la familia moja, la watu wote duniani.

Ni Louis Leakey. Panda mathree hadi tao, piga mguu hadi Museum Hill, utapata sanamu yake ameketi hapo nje. Wengi hupiga selfi wakapita.

Alizaliwa Kabete tarehe 7 Agosti 1903. Wazazi walikuwa wamishonari Waingereza, lakini mabeste wake walikuwa vijana wa Kikuyu. Lugha yao alibonga kama mwenyeji, na jando akapitia na rika lake. Akiwa bado mtoi alizawadiwa kitabu cha watu wa kale, na tangu hapo akawa ni kuokota mawe yaliyochongwa. Alipofika Cambridge, akawashawishi wakubali Kikuyu kama moja ya lugha zake za digrii. Hapo ndio ujue huyu mse alikuwa na mdomo.

Wasomi wengi enzi hizo waliamini binadamu alianzia Asia. Louis akakataa. Mwaka wa 1931 alienda Olduvai, Tanzania ya leo, pamoja na Mjerumani Hans Reck, ambaye alikuwa amechimba huko 1913 na hakuona zana za mawe. Louis akaweka dau la pauni 10 kwamba atazipata ndani ya saa 24. Alizipata.

Lakini usidhani alikuwa malaika. Alimwacha bibi yake Frida na mtoto mchanga, akaenda na Mary Nicol, dame aliyekuwa anamchorea picha za kitabu. Mwaka wa 1935 msomi mwenzake alikuja kukagua mahali alipotoa mifupa ya Kanam na Kanjera, huko Nyanza, na Louis akashindwa kuonyesha penyewe. Jina likachafuka vibaya.

Aliyemwokoa ni Mary. Tarehe 17 Julai 1959, Louis akiwa kambini amelala na homa, Mary alitoka peke yake na akapata fuvu ambalo baadaye lilipimwa likawa na miaka milioni 1.75. Dunia ikageuza macho ikatazama Afrika.

Hapa katikati ndio stori inauma. Wakati wa Emajensi, Louis alifanyia serikali ya mkoloni kazi. Alikuwa mkalimani kwa kesi ya Kenyatta huko Kapenguria, mpaka mawakili wa Kenyatta wakampinga na akatoka. Mwaka wa 1954 wanajeshi wakafagia Nairobi kwa Operesheni Anvil, maelfu ya wanaume wakapakiwa kwa malori wakapelekwa kambini. Mitaa kama Bahati haikusazwa. Mtu aliyetahiriwa na rika la Kikuyu alikuwa amesimama upande ule mwingine. Hiyo huwezi kuifuta.

Na pia hakuchimba pekee yake. Heslon Mukiri alishika jembe naye miaka mingi. Kamoya Kimeu alianza kazi na hao akina Leakey kama kijana wa kuchimba tu, na 1984 akaona kipande cha fuvu huko Nariokotome, Turkana. Hicho ndicho kilileta Turkana Boy, kijana wa karibu miaka milioni 1.5. Majina ya hawa mtaani hatuyajui, na ni yetu.

Kitu kimoja ninampa Louis, mimi niliyeacha chuo kabla ya kumaliza: hakuwa mtu wa kuuliza makaratasi. Mwaka wa 1960 alimtuma Jane Goodall kuchunguza sokwe Gombe, na huyo dame hakuwa na digrii hata moja. Alikuwa sekretari wake.

Louis alikufa London tarehe 1 Oktoba 1972, moyo ulikataa. Hakubaki huko. Alirudishwa, akazikwa Limuru.

So mtu akikuuliza tena ocha ni wapi, mwambie twende tao. Mpeleke Museum Hill, mwonyeshe ile mifupa, na umwambie hata mzungu aliyepanga laini hapo nyuma yenu na kamera, ocha yake ni huku.