Khabari za Ibn Sina na Dawa za Kupaka

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake. Ama baada ya hayo: watu wengi huiogopa dawa ya kunywa, wakaipima kwa kijiko, lakini dawa ya kupaka huiona jambo dogo, wakaipaka kwa kukisia. Basi ewe ndugu msomaji, sikiliza khabari za tabibu aliyejua tangu zamani kwamba ngozi ni mlango.

Jina lake ni Abu Ali al-Husayn bin Abdillah bin Sina. Alizaliwa mwaka 370 wa Hijra, yaani 980, katika kijiji cha Afshana karibu na Bukhara. Baba yake alikuwa mtu wa Balkh, mtumishi wa dola ya Wasamani. Alipotimiza miaka 10 alikuwa amekwisha hifadhi Kurani. Kisha akasoma fiqihi, hesabu, mantiki na utabibu. Alipokuwa kijana wa miaka kama 17 aliitwa pamoja na matabibu wakubwa kumtibu Sultani Nuh bin Mansur, na kwa sababu hiyo akapata ruhusa ya kuingia katika hazina ya vitabu vya Sultani.

Baba yake alipokufa, alihama mji baada ya mji: Gurganj, Jurjan, Rayy, hata Hamadan. Huko Hamadan alifanywa waziri, na baadaye akafungwa ngomeni miezi 4. Katika misukosuko hiyo ndipo alipokitunga kitabu chake al-Qanun, chenye juzuu 5. Alikianza Jurjan na kukimaliza Hamadan. Juzuu ya mwisho ni ya dawa za kuchanganywa, na marhamu zimo.

Marhamu asili yake ni nta iliyoyeyushwa katika mafuta, kisha ikatiwa unga wa dawa uliochekechwa. Nta ikizidi, huwa ngumu; mafuta yakizidi, huwa laini. Ibn Sina alifundisha kwamba dawa ipakwayo ina sehemu mbili: iliyo laini hupenya ngozini, na iliyo nzito hubaki nje. Akasema pia kwamba nguvu yake haikomi mahali ilipopakwa, bali hufika kwenye viungo vilivyo chini yake, na pengine mbali zaidi. Kwa maumivu yashukayo toka nyonga mpaka mguuni, alichanganya salfa na lami, akabandika na karatasi juu yake ili dawa isiondoke.

Wataalamu wa leo wameeleza sababu yake. Tabaka la juu la ngozi ni chembe zilizokufa, zilizoshikamanishwa kwa mafuta. Dawa yenye chembe ndogo na yenye kupatana na mafuta hupita, ikaingia katika damu. Mwaka 1979 Marekani iliruhusu plasta ya kubandikwa nyuma ya sikio, itoayo dawa siku 3, kwa msafiri atapikaye ambaye dawa ya kunywa haikai tumboni mwake.

Lakini kipitishacho dawa hupitisha na sumu. Zebaki iliyotiwa katika mafuta ya kujichubua huingia mwilini na kuharibu figo. Na mtoto mchanga ngozi yake ni nyembamba, na mwili wake ni mdogo; kipimo cha mtu mzima kwake ni hatari.

Wanazuoni walimpinga Ibn Sina katika falsafa, na Imamu al-Ghazali ni mmoja wao. Hata hivyo Imamu huyo huyo aliuhesabu utabibu kuwa ni faradhi ya kifaya. Tuchukue basi kilicho na manufaa.

Alifariki Hamadan, Ramadhani ya mwaka 428, yaani 1037, kwa maradhi ya tumbo. Mwanafunzi wake al-Juzjani amesimulia kwamba katika dawa aliyokuwa akitiwa kwa bomba, mwalimu aliamrisha danaki 2 za mbegu za figili-maji, na tabibu aliyemhudumia akatia dirhamu 5, na dirhamu moja ni danaki 6. Ikazidi zaidi ya mara 10, na ugonjwa ukazidi nao. Basi yeyote ashikaye kikopo cha marhamu, na aulize kwanza: ni ya nini, na ni kiasi gani?

Wabillahi tawfiki.